Kazi hiyo nani anaipokea?
Maswali na majibu kuhusu mafunzo kazini kwa wanafunzi wa sekondari kupitia shughuli za kiraia

Toleo lililopita tuliwaomba walimu, wazazi, wanafunzi na maofisa wanaopokea wanafunzi watuandikie yanayowakwamisha. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha nje.

SWALI: Shule yetu inawapeleka wanafunzi kila mwezi kufagia kituo cha afya na kuzibua mifereji. Kwenye ripoti yanaandikwa "mafunzo kazini kupitia ushiriki wa kiraia". Mimi nina mashaka. Je, ni sawa?
*Mwalimu wa uraia*

Mashaka yako yana msingi, Mwalimu. Kufagia ni kujitolea, jambo jema lenye nafasi yake, lakini halijawa mafunzo kazini. Sisi tunaipima kazi kwa maswali matatu. Ikikamilika, nani anaipokea, kwa cheo chake, na ataifanyia nini? Wakati inaendelea, nani mwenye ujuzi anamsahihisha mwanafunzi? Tena, kazi yenyewe inaweza kukosewa? Hili la mwisho huwashangaza watu, lakini ndilo linalochuja zaidi. Kazi isiyoweza kukosewa haina cha kusahihishwa, na pasipo cha kusahihishwa hakuna anayejifunza.

Chukua mfereji huohuo. Wanafunzi wanne wapewe mita 800 za mfereji na fomu yenye safu saba: namba ya kituo, mahali (alama ya kudumu iliyo jirani, au viwianishi vya simu), upana, kina, kimo cha tope, kilichoziba, na namba ya picha. Wapime kila baada ya mita 20. Vituo vitakuwa 41, wala si 40, kwa sababu pale wanapoanzia napo panapimwa. Hapo ndipo kosa la kwanza hujitokeza. Kosa la pili ni la kina. Kina hupimwa kutoka ukingo hadi sakafu ngumu, kwa hiyo fimbo yenye alama za sentimita izamishwe kwenye tope mpaka igote. Akiishia juu ya tope, mfereji wa sentimita 60 ataandika 15, na kwenye karatasi mfereji ulioziba utaonekana kuwa mfereji wa kina kifupi ulio safi.

Baada ya hapo hesabu inaanza kuwa na maana. Mfereji wa kuta zilizonyooka, wenye upana wa mita 0.5 na tope la mita 0.45, kwenye kipande cha mita 20 umebeba 0.5 × 0.45 × 20, yaani mita za ujazo 4.5. Kuta zikiwa zimelala, pimeni upana wa chini pia na mtumie wastani wa upana wa chini na ule wa usawa wa juu ya tope. Mhandisi wa halmashauri akipewa jumla ya mita za ujazo na orodha ya vipande vilivyojaa zaidi ya nusu, anaweza kupanga safari za lori na kuamua waanzie wapi. Huyo ndiye mpokeaji. Tena hapo kuna hisabati, jiografia na uraia kwa pamoja, na kuna mtu atakayepiga simu kuuliza kwa nini kituo namba 17 kina tarakimu isiyoeleweka.

Usalama hauna mjadala: hakuna anayeingia ndani ya mfereji, upimaji hufanywa kutoka ukingoni, viatu vya kufunika na glavu ni lazima, na mvua ikinyesha au mawingu yakitanda upande wa juu wa mkondo, kazi inaahirishwa.

SWALI: Tumeletewa wanafunzi watano kwa wiki nane. Ofisi ni ndogo na kila mtu ana shughuli zake. Mpaka sasa wanatoa nakala, wanapeleka mafaili na kukaa kwenye benchi. Tunaona aibu, lakini muda wa kuwafundisha hatuna.
*Ofisa wa serikali ya mtaa*

Ndugu ofisa, muda unaohitajika ni mdogo kuliko unavyodhani, ilimradi kazi ichaguliwe vizuri. Itafute ile ambayo ofisi inaihitaji lakini haijawahi kuifikia, isiyodaiwa leo, ambayo utaweza kuikagua kwa dakika 15, na isiyomlazimu mwanafunzi kuona siri za watu. Ofisi inayohudumia wananchi haikosi kazi ya namna hiyo, na mara nyingi imelala ndani ya daftari la malalamiko.

Tuseme daftari la mwaka mzima lina mistari 300. Kutoa nakala ifanye wewe mwenyewe, usimwachie mwanafunzi, ukiwa umefunika safu za jina na simu kwa karatasi. Kisha pitia maelezo na ufute majina yaliyojificha humo, maana mwananchi huandika "jirani yangu fulani ameziba njia" na jirani wa watu akaanikwa. Ipe mistari namba kuanzia 1 hadi 300.

Wanafunzi waanze kwa kusoma mistari 30 bila kuhesabu chochote, kisha wapendekeze mafungu: maji, taka, barabara, taa, kelele, mipaka ya viwanja na kadhalika. Mafungu sita hadi kumi yanatosha. Yakizidi 12 wenyewe wataanza kuyachanganya. Fungu la "mengineyo" huwa halikosekani, ila likimeza zaidi ya mstari mmoja katika kila kumi, basi mgawanyo haujakaa sawa.

Kila fungu liandikiwe maana yake kwa sentensi moja, pamoja na kanuni ya mpakani. Bomba limepasuka na kuchimba shimo barabarani: hilo ni la maji au la barabara? Amueni mapema. Kanuni inayofanya kazi vizuri ni kuandika chanzo na kuacha matokeo, hivyo hili ni la maji.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka, halafu ripoti yao haiaminiki. Wanafunzi wawili wachukue mistari 50 ileile, kila mmoja aigawe peke yake bila kuchungulia kwa mwenzake, kisha walinganishe. Wakikubaliana mistari 45 au zaidi, kazi iendelee na iliyobaki igawanywe. Wakikubaliana chini ya 40, wasimame. Keti nao mtazame mistari waliyopishana. Karibu kila mara utakuta ni mafungu mawili tu yanayogombana, na sentensi moja ikirekebishwa ugomvi unaisha. Ikiwa katikati ya hapo, rekebisheni maana na mjaribu mistari mingine 50. Idadi inayobadilika kulingana na nani amesoma haifai kuwekwa mbele ya kikao.

Baada ya idadi, wahesabu siku kati ya tarehe ya lalamiko na tarehe ya hatua. Wasitumie wastani. Lalamiko moja lililokaa siku 200 linauvuta wastani na kuchafua picha nzima. Wazipange siku zote kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua ile ya katikati. Pia wahesabu mistari isiyo na tarehe ya hatua kabisa. Tunakuonya mapema: namba hiyo huenda ikaiumbua ofisi. Kubaliana na mkuu wako kabla kazi haijaanza kwamba itabaki kwenye ripoti. Mwanafunzi akifundishwa kuficha namba siku aliyoipata, mmemfundisha kazi nyingine kabisa.

Kwa upande wako hiyo ni nusu saa ya mwanzo, dakika 15 kila wiki, na saa moja ya kusoma ukurasa wao wa mwisho ukiwa na kalamu nyekundu. Kutoa nakala nako wajue, kwa siku moja.

SWALI: Nina miaka 16. Nimepangiwa ofisi ya maji kwa muhula mzima na silipwi. Kaka yangu anasema nanyonywa. Je, ni kweli?
*Mwanafunzi*

Mdogo wetu, jibu linategemea unachokifanya huko. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa usiopungua miaka 15 na usiwe chini ya umri wa kumaliza elimu ya lazima. Nchi ambazo uchumi na elimu yake havijaendelea vya kutosha zinaruhusiwa kuanzia 14. Kazi za hatari, kwa kawaida, haziruhusiwi mpaka mtu afikishe miaka 18. Ibara ya 6 ya mkataba huo inayaweka kando mafunzo yanayofanyika mahali pa kazi kwa walio na angalau miaka 14, lakini kwa masharti: yawe sehemu halisi ya masomo au mafunzo ambayo shule au chuo ndicho chenye dhamana kuu, na yafuate utaratibu uliowekwa na mamlaka husika. Kwa hiyo kutolipwa peke yake hakutoshi kuitwa unyonyaji. Sheria ya nchi yako inaweza kutaka zaidi ya hapo, na mwalimu mlezi anapaswa kukuonyesha inasemaje.

Dalili za kunyonywa ni hizi. Unafanya kazi ya mtumishi aliyeondoka, na usipofika dirisha linafungwa. Wiki ya sita unafanya kilekile ulichokifanya wiki ya pili na hakuna aliyekusahihisha tangu hapo. Saa zako zinazidi zilizoandikwa. Mwalimu hajaja hata mara moja. Ukiona mbili kati ya hizo, mwambie mwalimu mlezi kwa maandishi, ukitaja tarehe na saa.

Nauli na maji ya kunywa ni habari nyingine. Mafunzo hayapaswi kumtoa mwanafunzi pesa mfukoni. Nani anazibeba iandikwe kwenye makubaliano kabla ya siku ya kwanza. Pasipoandikwa, wanaoacha mafunzo kimyakimya ni wale wasio na nauli, halafu ripoti inasema "hawakuwa na ari".

SWALI: Shule imetuma fomu ya kibali inayotaja "ushiriki wa kiraia". Mwanangu ana miaka 15. Sitaki aingizwe kwenye siasa. Nisaini au nisisaini?
*Mzazi*

Mama, usisaini fomu yenye maneno hayo pekee. Hatusemi kwamba mpango ni mbaya. Fomu ndiyo haijasema kitu. Fomu inayofaa inataja mahali, cheo cha msimamizi, siku na saa, kazi yenyewe kwa sentensi mbili, namna ya kwenda na kurudi, namba ya kupiga dharura, na mambo ambayo mtoto hatayafanya. Irudishe na uombe hayo yajazwe.

Kwenye hayo ambayo hatayafanya, tungependa uyaone haya: kuvaa au kugawa chochote cha chama, kukusanya saini za mgombea, kushiriki kampeni, na kupigwa picha nyuma ya kiongozi akiwa ameshika bango asilolijua. Roger Hart, katika andiko lake la mwaka 1992 lililotolewa na UNICEF, alichora ngazi ya vidato vinane vya ushiriki wa watoto, na vitatu vya chini alisema si ushiriki hata kidogo: kumtumia mtoto, kumfanya pambo, na kumweka kwa jina tu. Picha ya bango inaangukia hukohuko chini.

Kusema mbele ya kikao cha halmashauri kwamba kivuko cha shuleni hakina alama, na kuonyesha hesabu, ni jambo tofauti. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni kwenye mambo yanayomhusu na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Wala si jambo la kufikirika tu. Bajeti shirikishi, ambapo wakazi wenyewe wanaamua sehemu ya fedha za umma itumike wapi, ilianza Porto Alegre nchini Brazil mwaka 1989. Mwaka 2014 jiji la Boston, Marekani, liliwapa vijana wake mchakato kama huo na dola milioni moja za miradi ya ujenzi. Kwenye majimbo mengi ya Marekani wanafunzi ambao bado hawajafika umri wa kupiga kura wanaruhusiwa kuwa wasaidizi wa vituo vya kura. Kazi yao huko ni kuhakiki orodha, kupanga foleni na kuelekeza watu, wala hawaulizwi wanampenda nani.

SWALI: Wanafunzi wangu walihesabu watembea kwa miguu wanaovuka barabara mbele ya shule, wakapata 1,140, wakapeleka halmashauri. Mhandisi alisoma dakika mbili akasema "hizi siwezi kuzitumia". Wamevunjika moyo. Tulikosea wapi?
*Mwalimu mlezi*

Kwa maelezo uliyotutumia pamoja na fomu, Mwalimu, makosa ni manne. Mlihesabu siku moja, na ilikuwa Ijumaa ya kufunga muhula. Hamkuandika saa, ila "asubuhi" na "mchana". Hamkukubaliana kuvuka ni nini: mmoja alimhesabu aliyesimama ukingoni akageuka, mwingine hakumhesabu. Na hamkuhesabu magari, wakati mhandisi anayepima haja ya kivuko huangalia watu na magari kwa pamoja. Watu 1,140 kwenye barabara yenye gari moja kila dakika tano hawamwambii chochote.

Rudieni hivi. Chagueni siku tatu za kawaida, kwa mfano Jumanne, Jumatano na Alhamisi, katika wiki isiyo na sikukuu wala mitihani. Asubuhi hesabuni kwa muda wa saa mbili zinazozunguka wakati wa kuingia shule, na kwa saa mbili nyingine wakati wa kutoka. Kila saa igawanywe katika vipande vya dakika 15, na kila kipande kiwe na mstari wake kwenye fomu. Hapo ndipo penye thamani yote. Huenda watu 400 wanavuka kwa saa, lakini 260 kati yao wanavuka ndani ya robo saa moja, na hiyo robo saa ndiyo itakayompa mhandisi hoja.

Mstari wa kuvuka uchoreni kichwani: kuanzia nguzo fulani hadi mti fulani. Anayehesabiwa ni yule ambaye miguu yake yote miwili imegusa upande wa pili ndani ya eneo hilo. Mtoto aliyebebwa mgongoni anahesabiwa, aliye ndani ya gari hahesabiwi, mwenye baiskeli ana safu yake. Wanafunzi wawili wahesabu watu, wawili wahesabu magari, mmoja atunze saa na kutangaza "robo". Alama ziwe za vijiti, cha tano kikikata vinne. Simu ikitumika kuhesabia, kidole kikigusa mara mbili hakuna ushahidi. Vijiti vinabaki kwenye karatasi.

Kabla ya siku ya kwanza fanyeni jaribio la dakika 20, wahesabuji wawili kwenye eneo moja. Wakitofautiana zaidi ya moja katika kumi, tafuteni sababu. Mara nyingi ni basi linalosimama na kumziba mmoja, na dawa yake ni kuhama mahali pa kukaa. Wote wakae mbali na ukingo wa barabara, nyuma ya kitu kigumu kama ukuta au mti mkubwa, pamoja na mtu mzima. Kwenye kichwa cha fomu waandike hali ya hewa na jambo lolote lisilo la kawaida.

Kuhusu kuvunjika moyo, tungewaambia wazi: mhandisi aliyekataa takwimu zao amewachukulia kama wafanyakazi. Wangepigiwa makofi na karatasi ikatupwa, wasingejua. Muombeni dakika kumi awaambie angehitaji nini, na mwende na fomu mpya kabla ya kuhesabu. Huo utaratibu wa kumwonyesha mpokeaji fomu tupu kwanza ungewaokoa tangu mwanzo.

SWALI: Saa ngapi zinatosha, na kundi liwe na wangapi?
*Mratibu wa taaluma*

Wiki 12 za alasiri moja yenye saa tatu zinakupa saa 36. Sita za maandalizi, 22 za kazi yenyewe, nane za kuandika, kusahihishwa na kuwasilisha. Wengi hutenga saa mbili za mwisho badala ya nane, kisha ripoti inaandikwa na mwalimu usiku wa kuamkia kikao.

Kundi liwe la wanne, au watano kazi ikidai. Likifika saba, wawili watakuwa watazamaji. Msimamizi mmoja asibebe zaidi ya makundi mawili.

SWALI: Ninatoa alama vipi? Msimamizi huwapa wote "vizuri sana", na shajara zao zinafanana kama zimenakiliwa.
*Mwalimu wa kidato cha tatu*

Msimamizi asipewe jedwali la alama. Hataki kumwangusha mtoto wa watu, kwa hiyo atatoa "vizuri sana" hata kwa asiyefika. Mpe maswali matatu ya kujibu kwa maneno: ni kazi gani mwanafunzi aliifanya bila kusimamiwa, ni kosa gani ulilisahihisha na alilirudia au hakulirudia, na ungempa kazi gani sasa ambayo usingempa wiki ya kwanza. Alama utaziweka wewe.

Sisi tungegawa hivi: 40 kwa kazi iliyopokelewa, 30 kwa rasimu zenye masahihisho, 20 kwa shajara, na 10 kwa mahudhurio. Hizo 30 za rasimu ndizo tunazozitetea zaidi. Mwanafunzi alete rasimu ya kwanza ikiwa na wino wa msimamizi, na ya mwisho kando yake, aeleze kwa mdomo nini kilibadilika na kwa nini. Dakika tano zinatosha, na aliyenakili anajulikana ndani ya dakika mbili.

Shajara zinafanana kwa sababu umewauliza wamejifunza nini. Swali hilo huzaa "leo nimejifunza mambo mengi ya maana". Wape vichwa vinne: nilichopewa kufanya, nilichokifanya na kiasi chake, palipokwama, nitakachouliza kesho. Linganisha na hii: "Nilipewa mistari 101 hadi 150. Nimemaliza 38. Mstari 117 unalalamikia taka zilizoziba mfereji. Nimeuweka kwenye taka, mwenzangu kauweka kwenye maji. Kesho nitauliza kama kanuni ya chanzo inatumika hapa." Mistari minne, na unaona kabisa alikuwepo kazini.

SWALI: Tumeandikia halmashauri mara mbili kuomba nafasi za wanafunzi, kimya. Tufanye nini?
*Makamu mkuu wa shule*

Barua inayoomba "nafasi kwa wanafunzi 60" inaonekana kama mzigo, na mzigo huwekwa pembeni. Andikeni upya, ukurasa mmoja, kwa idara moja, mkiomba kundi moja la wanne na kutaja kazi mnayoweza kuwafanyia, pamoja na tarehe ya kuanza na kuisha. Pelekeni kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, mwulize faili limepelekwa kwa nani. Siku 14 zikipita bila jibu, nendeni kwa huyo mliyetajiwa mkiwa na nakala. Idara yenye uhaba wa watu hukubali haraka kuliko ile yenye sifa.

SWALI: Wanafunzi wamepewa dakika tano kwenye kikao cha halmashauri kuwasilisha matokeo yao ya upimaji wa mifereji. Wana slaidi 22. Nisaidieni.
*Mwalimu wa jiografia*

Slaidi 22 ndani ya dakika tano ni kama sekunde 14 kwa moja, na projekta ikigoma hamna kitu. Peleka karatasi: ukurasa mmoja kwa kila mjumbe, upande mmoja ramani yenye vipande vilivyojaa zaidi ya nusu vikiwa vimekolezwa, upande wa pili jedwali la vipande vitano vibaya zaidi na mita zake za ujazo.

Dakika ya kwanza waseme walichopima, lini na kwa njia gani. Mbili zinazofuata ni za vile vipande vitano. Ya nne ni ya mapungufu: wapi hawakufika, kituo kipi kilifunikwa na kifusi. Wakiyasema wenyewe, mjumbe hapati mwanya wa kuyaibua. Ya tano waombe jambo moja linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana, kwa mfano kwamba idara ya ujenzi ikague kipande namba 3 na 4 kabla ya msimu wa mvua na kuleta taarifa kwenye kikao kijacho. "Tunaomba mtusaidie kuhusu mifereji" haliwezi kuingia kwenye muhtasari kama azimio.

Wawili tu wazungumze. Wa tatu abaki na fomu zote za asili kwenye faili, kwa sababu kuna mjumbe atakayeuliza kipande cha mtaani kwake kilipimwa lini, na jibu zuri ni karatasi yenye tope kidogo pembeni na tarehe juu. Wa nne aandike kila swali na jina la cheo cha aliyeuliza. Wakitoka, mwombe katibu namba ya kipengele kwenye muhtasari na tarehe ya kikao kijacho, uviandike kwenye jalada la faili, maana huenda siku hiyo ikifika hawa wanne wamekwisha kumaliza shule na faili likawa mikononi mwa wengine.